Doa Jeupe Uani kwa Baba Mkwe

Miaka yote ya ndoa yangu, baba mkwe nilimjua kwa kengele tu. Ni kengele ya baiskeli, ile ya chuma ya kizamani, na alikuwa akianza kuipiga kule mbali kwenye kidaraja cha magogo ili mimi, mke wa mwanawe, nipate muda wa kuacha nilichoshika na kupotea. Nimeolewa Kyela, na kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hawakai chumba kimoja. Akija mbele ya nyumba, mimi nazunguka nyuma ya jiko. Tukikutana njiani, naingia kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa wa mjini, lakini mzee huyu hakulegeza hata uzi. Mama mkwe aliniambia siku ya kwanza kabisa, kwa upole, kwamba hiyo ni heshima, si chuki.

Mimi ni Mpare. Kwetu baba mkwe unampokea mzigo, unampigia shikamoo, unamwekea chai, mnasikiliza taarifa ya habari pamoja na kubishana. Kwa hiyo nasema wazi, jambo hili nililichukia. Nilikuwa nikikaa nyuma ya jiko na masizi mgongoni, nasikia mtu anakohoa, anavuta kiti, anauliza chumvi iko wapi, na mtu huyo ndiye babu wa watoto wangu na sijui hata kama ana ndevu. Mume wangu alikuwa akinicheka. "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako." Nikamjibu kwamba nina macho mawili na nimeyazoea yote.

Sasa sikiliza kazi ninayofanya, maana ndiyo iliyoniponza. Napima mawimbi ya simu. Kampuni ikitaka kupeleka mtandao mahali, kabla hawajasimamisha nguzo wala antena, lazima mtu apite eneo lote kwa miguu akiwa na simu ya vipimo mkononi. Unatembea, na kila unapokanyaga simu inaweka kidoa kwenye ramani. Kijani ni pazuri, njano panavumilika, nyekundu utapiga kelele "haloo" mpaka koo likauke, na nyeusi hakuna kitu. Pale ambapo hukupita panabaki peupe. Bosi wangu anaweza kuvumilia nyeusi, anasema nyeusi nayo ni jibu. Nyeupe haivumilii. Kwake nyeupe maana yake ni kwamba hukufanya kazi.

Masika ya mwaka huu yalipokuwa yanaelekea ukingoni, nikapangiwa vijiji vya upande wa Mwaya, kuelekea ziwani. Walitaka kuweka antena ndogo moja ya kusaidia ule mnara wa barabarani, na mimi nitafute mahali pa kuiweka. Nikaangalia orodha ya vijiji nikaona na cha mume wangu kimo. Kwa kweli nilifurahi. Nitalala kwa mama mkwe, nitakula wali wa Kyela wenye harufu yake, kazi itakuwa kama likizo.

Mama mkwe alinipokea na neno moja tu kichwani. Hata salamu ya "ugonile" hakuimaliza vizuri. Mvua za mwaka uliopita mzee alianguka chumbani kwa presha. Mtandao pale nyumbani hakuna. Mama akatoka mbio kwenye maji yaliyomfika mapajani, kwanza upande wa ziwani kwa sababu ndiko karibu, na huko simu yake ikamkaribisha Malawi na kurudisha saa nyuma, lakini kupiga haikupiga. Akageuka, akakimbia njia yote mpaka barabarani, akamkuta mwendesha pikipiki aliyekuwa anarudi mjini, ndiye aliyemkimbiza mzee hospitali. Mzee alipona kwa bahati.

"Mwanangu," akaniambia, "hii kazi ni yako. Pima na hapa kwetu. Baba yako akianguka tena, mimi sina miguu ya kukimbia tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo kirahisi kabisa, huku namenya ndizi.

Nilianza na zahanati, ambako nesi aliyekuwa zamu alinipa namba yake ili nimpigie nikiwa sehemu mbalimbali, tuone kama sauti inafika. Nikaendelea na shule, kanisa, ghala la mpunga, mashamba. Kupima mawimbi Kyela wakati wa mvua si mchezo. Maji yanakula mawimbi, na huku kila kitu ni maji. Mgomba ni pipa la maji limesimama. Mikokoa ina majani mapana yaliyobanana, yote yanachuruzika. Barabarani simu inasoma kijani safi, ukiingia shambani hatua chache tu inageuka njano, ukizama kidogo inakuwa nyekundu kama nyanya. Nilitembea mpaka vidole vya miguu vikawa vyeupe kwa tope, na ramani ikajaa vizuri, isipokuwa katikati. Katikati palibaki doa jeupe. Palikuwa ni uani kwa baba mkwe na shamba lake la kokoa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mzee hushinda mchana kutwa.

Nikiwa barabarani kwenye mtandao, bosi akapiga. "Hilo doa jeupe ni nini? Kuna bwawa?"

"Kuna baba mkwe."

"Baba mkwe wa nani?"

"Wangu."

Bosi wangu ni mtu wa Tanga na mambo haya hayajui. Nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba pale peupe wataalamu wa ofisini watapahesabu kuwa hapana mtu, na antena itasogezwa upande wa barabara kwenye nyumba nyingi. Kama kuna watu, nilete vipimo. Nitume mtu apite kwa niaba yangu.

Nikamtuma mama mkwe. Nilimfundisha asubuhi nzima: washa hapa, shika hivi, tembea taratibu, zunguka uani, pita kwenye kichanja cha kuanikia kokoa, ingia shambani, rudi. Akaitikia kila neno. Mimi nikakaa nyuma ya jiko, kwenye makazi yangu. Aliporudi nikafungua ramani nikabaki mdomo wazi. Pote peusi. Si pekundu, ni peusi tii, kuanzia mlangoni. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hata ndani ya mgodi unapata walau kitu kidogo. Nikakagua simu, nzima. Nikafikiri labda nyumba ile imerogwa.

"Mama, uliishikaje?"

"Sikuishika, mwanangu. Mvua ilikuwa inanyunya. Niliitia kwenye sufuria nikafunika na mfuniko, isije ikaharibika mali ya watu."

Alikuwa ameitembeza kichwani, ndani ya sufuria la bati, shamba zima, kwa heshima zote. Hakuna mawimbi yanayopenya sufuria lililofunikwa. Nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye kuni, naye akacheka bila kujua tunacheka nini, na kutoka upande wa mbele wa nyumba nikasikia mzee naye anacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Nilishtuka kugundua kwamba kicheko chake ni kama cha mume wangu.

Mama akaapa haibebi tena mali ya watu kwenye mvua, basi tukakubaliana hivi. Kesho yake mzee anapeleka kokoa kwenye mizani ya chama cha wakulima na atachelewa. Mama anakwenda kwenye kikundi cha kina mama kanisani. Uani patakuwa patupu, nami nitapita mwenyewe. Mzee mwenyewe alitoa ruhusa kupitia kwa mama: mkamwana apime popote, yeye akirudi atapiga kengele tangu darajani.

Basi nikaingia. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Uani kwa watu walionioa, mahali ambapo watoto wangu wanakimbia uchi, na mimi natembea kama mwizi. Niliona kiti chake cha kamba. Niliona kandambili zake, kisigino cha kushoto kimeliwa kuliko cha kulia. Simu ilisoma nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Nikasogea kuelekea kwenye kichanja cha kuanikia kokoa, pale palipo wazi hamna mti, na ghafla ikaja njano, halafu kijani kidogo. Kipande kidogo tu, kama ukubwa wa mkeka. Nikafurahi, nikasema peke yangu, "haya, mzee, pako hapa."

Hapo ndipo nilipoona gurudumu la baiskeli.

Lilikuwa limelala upande wa pili wa kichanja, bado linazunguka polepole. Na kando yake, chini, kwenye majani ya kokoa yaliyooza, palikuwa na mtu. Alikuwa amerudi mapema, labda alijisikia vibaya, tena kwa njia ya nyuma ya shamba, si darajani. Kengele sikuisikia. Nilimwona miguu, nikaona suruali ya kaki, nikaona mkono.

Na unajua nilifanya nini? Mimi, Mpare, mwenye macho mawili, niliyemtukania mume wangu mila hii miaka yote? Nilikimbia. Kabla kichwa hakijawaza chochote, miguu ilishanipeleka nyuma ya mgomba na shingo ilishageuka upande. Nikasimama pale nimebana pumzi, nasubiri apite. Mpaka leo nikikumbuka damu inasimama. Mtu ameanguka, na mimi nasubiri apite.

Kilichonizindua ni simu. Ilikuwa mkononi, inasoma nyeusi. Pale nilipojificha hakuna mtandao. Mtandao upo pale kwenye kichanja, na yeye ndiye aliyelala pale. Barabarani ni mbali, na maneno ya mama ya kwamba hana miguu ya kukimbia yakanijia yote kwa mara moja.

Nikatoka. Nilitembea nikiangalia chini, nikiona miguu yangu tu. Na yeye akaniona. Najua aliniona kwa sababu ule mkono wa kulia uliinuka, ukapapasa pembeni kwenye majani, ukaikuta kofia yake ya pama, ukaivuta taratibu mno, na kuiweka usoni. Alijifunika uso ili mimi niweze kupita. Mtu anakufa, na nguvu iliyobaki anaitumia kunitunzia heshima.

Nikasimama karibu na kichwa chake, kijani ikarudi, nikampigia nesi wa zahanati. Akapokea. Nikamwambia mtu ameanguka, akauliza ni nani. Jina la baba mkwe mkamwana halitaji, nami nikajikuta nasema, "ni baba wa nyumba niliyoolewa." Alielewa mara moja. Huyu mwenyewe ni Mnyakyusa.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Mwangalie usoni. Mdomo umekaa sawasawa au umeenda upande?"

Nikaiangalia kofia. Kofia ya rangi ya udongo, ukingo umechakaa. Ilikuwa inapanda na kushuka kidogo juu ya pumzi yake.

"Nesi," nikasema, "amejifunika."

Nesi akasema bila ukali, "Najua, dada. Mfunue. Kama ni kiharusi asiletwe kwangu, mimi sina dawa yake. Namwita wa bajaji ampeleke moja kwa moja hospitali ya Kyela mjini, na nawapigia wajiandae. Kama ni presha au sukari aje hapa karibu. Siwezi kujua bila wewe kumwangalia. Mfunue, umwambie acheke."

Nilipiga magoti. Neno la kwanza nililowahi kumwambia baba mkwe wangu ni, "Shikamoo, baba." Kofia haikujibu. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nesi anasema nikuangalie." Nikashika ukingo wa kofia kwa vidole viwili na kuinua.

Alikuwa amefumba macho. Yote mawili, ameyakaza kabisa kama mtoto anayehesabu kwenye kujificha. Mimi nitazame, yeye asitazame. Hivyo ndivyo alivyoamua jambo hilo pale chini. Alikuwa na ndevu, kumbe, za mvi, fupi. Paji la uso ni la mwanangu mkubwa, lile lile.

"Baba, anasema ucheke kidogo."

Akacheka. Upande wa kulia wa mdomo ukapanda, nikaona meno, na upande wa kushoto ukabaki umelala, mate yanatoka. Nikamwambia inua mikono. Wa kulia uliinuka. Wa kushoto haukuinuka. Ndipo nikaelewa kwa nini sikusikia kengele: kwenye baiskeli ile imefungwa mkono wa kushoto.

"Umeenda upande," nikamwambia nesi. Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Usikate simu, bajaji naiita kwa simu nyingine. Usimpe maji. Usisogee hapo ulipo."

Sikusogea. Bajaji ikaja kwa njia ya shambani ikivunja matawi, dereva na jirani mmoja wakambeba. Nilimrudishia kofia usoni kabla hawajafika, maana niliona ndivyo angetaka. Mama mkwe alifika mbio kutoka kanisani, khanga imemwanguka, akakuta tunampakia. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akaitazama simu, akapanda. Nikabaki uani peke yangu na baiskeli. Ile simu ya vipimo niliendelea kuishika, hata kuitia mfukoni nilisahau.

Hospitalini walisema amewahi. Mguu wa kushoto unaburuta, mkono wa kushoto haufanyi kazi, na maneno yanatoka kwa shida, mengine hayatoki. Lakini yupo. Mume wangu alipofika kutoka Mbeya aliniuliza, "kwa hiyo umemwona baba?" Nilisema nimemwona. Akataka niendelee, nikashindwa. Nilijaribu mara nyingi kukumbuka uso ule na kilichonijia ni ule mdomo. Uso wa baba mkwe ninaoujua mimi ni ule wa siku ile tu, na huo haukuwa uso wake. Jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotegemea.

Vipimo nilivipeleka. Doa jeupe nililijaza kwa mkono wangu, nyekundu tupu na kile kipande cha kijani kwenye kichanja. Bosi hakusema kitu juu ya kuchelewa. Antena wakaifunga juu ya ghala la mpunga, imeelekezwa upande wa kwao, na mama mkwe akanitumia salamu kwamba sasa anaongea na simu akiwa kitandani. "Ndaga fijo, asante sana," alisema, akarudia, akarudia tena mpaka nikaona haya.

Nilipokwenda kuwasalimia, mambo yalikuwa kama zamani, kasoro kwamba baiskeli haipandwi tena. Kengele wameifungua na kuifunga kwenye mkono wa kiti chake, upande wa kulia. Akitaka kutoka chumbani anaigonga kwanza, nami naondoka zangu nyuma ya jiko. Safari hii sikulalamika kuhusu masizi. Mama aliniuliza kama naona ajabu kurudi kujificha baada ya yote yale. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli, nikashangaa mwenyewe.

Kisha siku moja, niko ofisini Mbeya, tumekaa mezani na bosi na wenzangu tunapitia ramani za wilaya nyingine, simu yangu ikaita. Namba ya mama mkwe. Tangu siku ile, namba hiyo ikiita naona majani ya kokoa.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Nikasikia pumzi, nzito, ya mtu anayejaribu kusema.

"Mama? Kuna nini? Ameanguka?"

Pumzi tu. Ndipo nikaisikia. Kengele. Ikagongwa mara moja, ikasita, ikagongwa tena, karibu kabisa na simu, wazi kana kwamba yuko mlangoni.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilichojua ni kwamba kiti kimeanguka, mimi niko nyuma ya kabati la mafaili, nimegeuza uso ukutani, simu bado sikioni, machozi yananitoka. Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Bosi akauliza kuna nini.

Nikamwambia baba mkwe anapita.